Mbao Tatu za Mto Alder

Trela lilikuwa lichukuliwe saa kumi na mbili jioni. Saa tisa ilishapita, na Sajenti Ellis Perrault alikuwa amesimama kwenye tope chini ya kizuizi cha Mto Alder bila jina lolote la kumpa mkuu wake, isipokuwa lile ambalo mkuu wake alikuwa nalo tayari.

Mwenye jina hilo, Delbert Denomie, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya trela, hatua chache juu ya ukingo. Alikuwa anakula pasti baridi, andazi lililojazwa nyama na viazi, na kumtazama Perrault kama mtu anavyomtazama fundi wa gari asiyemwamini.

"Unatafuta nini tena hapo?" Denomie aliuliza. "Jumapili mlipiga picha. Jumatatu mkapiga picha. Mto umepigwa picha kuliko bibi harusi."

"Namtafuta aliyezitoa mbao."

"Si mmeshampata? Ni mimi. Waulize pale dukani, wote wanajua."

"Ulizitoa?"

"Hapana."

"Basi kula pasti yako, uniache nifanye kazi."

Kizuizi chenyewe hakikuwa kitu cha kutisha. Ukuta wa zege unaokatiza mto, katikati pengo, na kwenye pengo mbao tano nzito zimelala moja juu ya nyingine ndani ya mfuo wa chuma. Marekani na Kanada zilikijenga kwa fedha za pamoja, kama vilivyojengwa vingine pande zote za Ziwa Superior, kwa kazi moja tu, kuwazuia lamprei. Hao ni viumbe wembamba mfano wa samaki mkunga, wasio na taya, mdomo duara umejaa meno, wanaomganda samaki na kumnyonya damu mpaka afe. Walishawahi kulimaliza ziwa zima, na wazee wa hapa bado wanakumbuka nyavu zikitoka tupu. Kila masika wanyonyaji hao hutoka ziwani na kupanda mito kutaga. Mbao zikiwa mahali pake, hawapiti.

Jumamosi jioni mtu alizitoa tatu. Jumapili asubuhi mlinzi wa kizuizi, mzee Urho Mantila, alikuta maji yanapita pengoni na mtego wa lamprei mtupu, wakati siku moja kabla ulikuwa umejaa hadi mdomoni. Hawakuwa wamerudi ziwani. Walikuwa wamepanda. Urho ndiye aliyepiga simu ofisini.

Juu ya zege ulikutwa upembo, mti mrefu wenye kulabu ya chuma ya kuvutia magogo. Kwenye mpini zilichomwa herufi mbili za D. Halafu watu wakakumbuka kwamba kwenye mkutano wa Machi Denomie alisimama mbele ya ukumbi mzima na kusema, "Iko siku nitazitoa hizo mbao kwa mikono yangu." Bi Hargrove, mkuu wa kanda aliyemtuma Perrault, hakuhitaji zaidi ili kuamuru trela liondolewe.

Trela lilikuwa la serikali. Ndani mlikuwa na matangi, na ndani ya matangi mayai ya sturjeni, samaki mkongwe wa ziwa hili, mwenye mifupa mgongoni kama misumari ya paa, anayeweza kuishi muda mrefu kuliko mtu aliyemvua. Walikuwa wamebaki wachache. Pampu ilivuta maji ya Alder mchana na usiku ili watakaoanguliwa waujue mto huu na siku moja waurudie. Denomie na watu wa kabila lake, Waojibwe, walihangaika miaka kumi kupata kibali cha trela hilo. Pampu ikizimwa, mayai yanakufa. Trela likiondoka, halirudi.

"Nimemwambia Hargrove anipe hadi kesho," Perrault alisema. "Amekataa. Anasema mtu anayefungua kizuizi hawezi kuachiwa mali ya serikali mlangoni pa kizuizi."

"Hata mimi ningesema hivyo. Tatizo ni hilo neno moja tu, anayefungua."

"Upembo wako ulifikaje pale juu?"

"Nauegemeza hapa, ubavuni mwa trela. Kila mtu anaujua na kila mtu anauchukua. Novotny ameuchukua. Urho ameuchukua. Hata wewe mwaka jana uliuchukua ukatolea gari lako mtaroni, na hukusema asante."

Ilikuwa kweli.

Chip Novotny ndiye aliyekuwa tumaini lake la kwanza. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wavuvi wa ndoana, mwenye nyumba kubwa ya mapumziko upande wa pili wa mto, na aliwahi kulalamika kwamba kizuizi kinawanyima wageni wake samaki aina ya trauti wa juu ya mto. Jana Perrault alimhoji kwa muda mrefu. Ikaonekana kwamba Jumamosi jioni Novotny alikuwa hospitalini na ndoana imemnasa sikioni. Muuguzi alimkumbuka vizuri. Novotny alikuwa amemsihi asiikate ile ndoana kwa sababu ni ya bei.

Zikabaki nyayo.

Zilikuwa nne, kwenye udongo wa mfinyanzi kati ya kichaka na maji, juu kidogo ya zege. Askari wa Jumapili waliziona fupi, bila visigino, wakaandika "mtoto". Perrault alichuchumaa tena. Mtoto gani ana mguu mpana kuliko buti lake yeye? Na zilikuwa zimeachana sana, vidole vimezama, visigino havikugusa. Mtu mzima, anakimbia, miguu mitupu, kuelekea majini.

Aliingiza mkono mtoni. Vidole vilianza kuuma kabla hajahesabu kumi. Chini ya misonobari ya upande wa kivuli bado kulikuwa na theluji chafu.

"Delbert. Wewe ukiingia humu unavaa nini?"

"Suti ya mpira hadi kifuani, suruali mbili, na matusi."

"Bila hivyo?"

"Bila hivyo namwachia mwingine."

Perrault aliinama zaidi. Ndani ya unyayo wa tatu, pale kidole gumba kilipokandamiza, kulikuwa na kitu alichokidhani tope. Alikinyanyua kwa ncha ya kisu. Lilikuwa jani dogo lenye kingo za msumeno, laini kama mboga iliyochemshwa, bado na ukijani ndani yake. Aliliweka kiganjani, akalinusa, kisha akatazama juu. Miti ya mbetula ilijipanga ukingo mzima na magome yake meupe, na hakuna hata mmoja uliokuwa na jani. Vilikuwa vichipukizi tu, vimefumba.

"Jani la mbetula," alisema.

Denomie aliacha kutafuna. "Mwezi huu? Labda limetoka Florida."

"Limetoka kwenye friza. Lilikatwa Julai iliyopita, likafungwa na wenzake, likagandishwa. Jumamosi likalowekwa kwenye maji ya moto, na mtu akajipiga nalo mgongoni."

Denomie aligeuza kichwa taratibu kutazama juu ya mto. Nyuma ya misonobari, moshi mweupe ulikuwa unapanda wima kutoka kwenye bomba la bati. Ilikuwa Jumatano. Jumatano na Jumamosi Wafini wa hapa huwasha sauna, vibanda vyao vya kuogea mvuke ambamo hujichapa kwa matawi ya mbetula, na moshi ukionekana, jirani yeyote ana haki ya kugonga.

"Mtu aliyetoka kwenye joto lile," Perrault alisema, "haoni baridi ya mto. Anaruka ndani kama anaruka kitandani."

"Ile ni sauna ya Urho."

"Najua ni ya nani."

"Yule mzee anawachukia lamprei kuliko shetani. Amekilinda kizuizi tangu nikiwa shule. Acha utani, sajenti."

"Una taulo humo ndani?"

"Unanipeleka kuoga? Nina saa mbili nizikwe, wewe unanipeleka kuoga?"

"Lete taulo, Delbert."

Urho Mantila alikuwa ameshaingia. Kwenye chumba cha nje nguo zake zilining'inia kwenye msumari wake wa kila siku, zimepangwa vizuri, na mezani kulikuwa na birika la kahawa na nusu mkate wa iliki. Perrault na Denomie walivua, wakagonga, wakaingia.

Joto liliwapiga usoni. Mzee alikuwa benchi la juu kabisa, karibu na ukuta, mtupu kama alivyozaliwa, mwekundu, mifupa mitupu na mikono ya mkata magogo. Mtupu, isipokuwa soksi. Alikuwa amevaa soksi za sufu za kijivu, ndefu, zimepandishwa hadi magotini.

"Ingieni, fungeni mlango," alisema. Alimwona Denomie na kope zake zikacheza. "Hata wewe."

"Hata mimi. Sajenti anasema nanuka."

Walipanda. Perrault alichota kata ya maji, akamwaga juu ya mawe. Mvuke ukalia, ukapanda, ukawashukia mabegani. Kwa muda hakuna aliyesema. Hiyo ndiyo desturi.

Denomie ndiye aliyeshindwa. "Mzee Urho."

"Mm."

"Umevaa soksi."

"Baridi yabisi."

"Kwenye sauna?"

"Ndiko inakopona."

"Wazee wetu wanaingia kwenye hema la mvuke na wanaimba. Sijaona hata mmoja na soksi."

"Nyinyi mnaimba sana," Urho alisema. "Ndiyo maana hamponi."

Perrault alicheka kidogo, akamwaga kata nyingine. Urho Mantila alikuwa mtu ambaye harusi ya binti yake mwenyewe aliiacha katikati kwa sababu sauna ilikuwa imeshapata moto. Mtu wa namna hiyo angeweza kukosa Jumatano moja ili kuficha mguu? Asingeweza. Aliona bora soksi.

"Jumamosi uliwasha?" Perrault aliuliza.

"Jumamosi gani nisiwashe?"

"Nani alikuja?"

"Hakuna. Vijana wanaenda kwenye televisheni."

Perrault alivuta fungu la matawi kutoka kwenye ndoo, akajipiga bega. Majani malaini, harufu ya kiangazi. "Mbetula hii nzuri."

"Ya Julai. Lazima ikatwe Julai. Ukikata Agosti, majani yanadondoka."

"Novotny naye anatumia hii?"

Mzee alitoa sauti ya dharau puani. "Novotny ana sauna ya umeme. Ile ni oveni. Anaingia na kaptura, anakunywa bia, anatoka. Hajui hata mbetula ni nini."

"Na ile ya kambi ya kanisa?"

"Imefungwa hadi Juni. Mabomba yamepasuka na baridi. Mto huu mzima, sajenti, anayeoga kama mtu ni mmoja."

Alisema kwa fahari, kidevu juu. Kisha akasikia alichosema. Perrault aliona kidevu kikishuka.

"Nimeokota jani hili hili leo," Perrault alisema. "Lilikuwa ndani ya unyayo, pale kizuizini. Unyayo mtupu, mkubwa, wa mtu anayekimbia."

Mawe yalitoa mlio mdogo. Urho alitazama jiko.

"Vua soksi, Urho."

"Nimekwambia ni baridi yabisi."

"Nimesikia. Vua."

Mzee hakusogea. Jasho lilimtiririka puani, likadondoka kwenye goti, likaingia kwenye sufu. Nje, mbali, injini ya dizeli ilisikika ikipunguza gia kwenye kona ya barabara ya changarawe. Denomie aliinua kichwa.

"Hilo ni lori," alisema. "Wamewahi. Wamewahi, washenzi!" Alikuwa ameshasimama, mkono kwenye kitasa. Perrault alimshika kifundo cha mkono.

"Ukimgusa dereva umekwisha. Hargrove anangoja hilo tu. Kaa."

"Pampu, sajenti! Kitu cha kwanza wanachong'oa ni waya wa pampu!"

"Kaa, nimesema." Perrault hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa mzee. "Urho. Umesikia hiyo injini kama sisi."

Urho Mantila aliinama. Alivua soksi ya kulia taratibu, akiiviringisha chini, kama mtu anayefungua bandeji. Kwenye mgongo wa mguu kulikuwa na duara la zambarau, ukubwa wa kizibo cha chupa ya mchuzi, na ndani ya duara vitobo vidogo vidogo vimejipanga kwa mistari. Juu ya kifundo kulikuwa na la pili.

Perrault aliyajua madoa hayo. Alikuwa ameyaona kwenye mbavu za trauti maelfu ya mara. Hakuwahi kuyaona kwa mtu.

"Wanapopanda hawali," Urho alisema. "Wanashika tu wapumzike. Nilisimama pale pengoni, wakanidhani jiwe."

"Kwa nini?" Denomie alikuwa bado ameshika mlango. "Wewe? Kwa nini?"

"Alikuwa sturjeni, jike." Mzee alisema kwa shida, neno moja moja. "Mkubwa. Mrefu kuliko mimi. Alhamisi alikuja, akapiga kichwa kwenye mbao. Ijumaa akapiga. Jumamosi nimekaa hapa, dirisha wazi, nasikia. Du. Du. Anapumzika. Du. Baba yangu aliwahi kuwaona, mimi sijawahi. Nikasema, huyu atajiua. Nikatoka hivi nilivyo. Nilifikiri nitoe mbao, apite, nirudishe. Dakika chache tu."

"Na upembo wangu."

"Ulikuwa njiani. Akapita, nilimwona mgongo. Halafu maji yakaninyang'anya mbao moja, ikaenda. Miguu ikakakamaa. Na wale wakaanza kupita, wengi, kama kamba zinavutwa. Sikuweza kuzirudisha peke yangu."

"Ungepiga simu."

"Nilipiga asubuhi."

"Asubuhi ulisema umekuta!" Denomie alipiga ukuta kwa kiganja. "Wakaja wakauona upembo wangu, na wewe umesimama pale pale!"

"Sikulitaja jina lako."

"Wala hukulisafisha!"

Huko chini lori lilianza kurudi nyuma. Walisikia king'ora chake cha kurudi, na mlango ukipigwa.

"Ijumaa hii tungembeba," Denomie alisema, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Unajua hilo? Machela imeshashonwa. Watu wanne. Tungemshika, tukamvusha juu ya zege, mbao zikiwa mahali pake. Serikali ilishakubali. Ndicho nilichoomba Machi, mara baada ya yale maneno ya kutoa mbao ambayo kila mtu anayakumbuka. Nilikieleza ukumbi mzima."

Urho alimtazama. "Sikuja mkutanoni."

"Kwa nini?"

"Watu wanaongea."

Denomie aliuachia mlango.

"Sasa atataga huko juu," Denomie alisema. "Na huko juu sasa kuna lamprei, kwa hiyo watamwaga sumu. Sumu inaua lamprei wachanga. Unajua inaua nini kingine? Sturjeni wachanga. Wewe hukumfungulia mlango, mzee. Umemwingiza kwenye jiko."

Urho ndiye aliyewabebea wafanyakazi wa sumu mapipa yao miaka yote. Hakuhitaji kuelezwa.

Alishuka kwenye benchi, soksi moja mguuni. "Simu," alisema.

Perrault alikuwa nayo mfukoni mwa suruali, kwenye chumba cha nje. Alipiga, akasikia sauti ya Bi Hargrove, akampa mzee bila kusema lolote.

"Ni Urho Mantila," mzee alisema. "Mbao nilizitoa mimi. Denomie hahusiki." Akasikiliza. "Sijalewa." Akasikiliza tena. "Mama, utanifukuza baadaye. Sasa hivi mwambie dereva wako aurudishe waya."

Denomie hakungoja jibu. Alitoka na taulo, akateremka njia ya misonobari, mvuke ukimtoka mgongoni. Perrault aliingiza miguu kwenye buti na kumfuata. Walipofika, dereva, kijana mnene mwenye kofia ya mpira wa magongo, alikuwa ameshafunga mnyororo kwenye ndoano ya trela. Redio ya lori ilikuwa inamfokea. Aliona mwanamume wa taulo akija mbio, akainua mikono yote miwili.

"Mimi nimetumwa tu, kaka!"

Denomie alimpita kama gogo. Aliushika waya uliolala kwenye nyasi, akauchomeka. Hakuna kitu. Aliuchomoa, akaufuta kwa kona ya taulo, akauchomeka tena. Pampu ilikohoa, ikameza hewa, ikakohoa tena, kisha ikaanza kuvuta. Ndani ya trela maji yalisikika yakidondoka kwenye tangi la kwanza, halafu la pili.

Aliingia. Perrault alibaki mlangoni. Alimwona akiinamia tangi moja baada ya jingine na tochi, bila kupumua.

"Vipi?"

"Ya pembeni yamepata rangi mbaya." Alisogeza tochi. "Mengine yapo. Yapo."

Dereva alikuwa anafungua mnyororo wakati Urho alipofika. Alikuwa amevaa suruali na shati lililofungwa vifungo vibaya. Alimnyooshea Perrault funguo za geti la kizuizi na za banda.

"Sijaziomba," Perrault alisema.

"Utaziomba."

Perrault alizichukua. "Saa nne kesho, ofisini kwangu. Utaandika yote, na la kumwachia mtu mwingine mzigo utaliandika kwanza. Sijui hakimu atasema nini. Kazi imekwisha, hilo nalijua."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Hakuomba kitu.

Denomie alitokea mlangoni pa trela, bado kwenye taulo, akitetemeka sasa. Alimtazama Urho kwa muda mrefu, kutoka juu hadi chini.

"Alipita upande gani?"

"Wa kushoto. Kwenye kina. Kama hajachoka, atakuwa kwenye shimo la daraja la zamani. Baba alikuwa akiwakuta pale."

"Hajataga bado, maji hayajapata joto. Lazima tumshushe chini ya kizuizi kabla." Denomie alimgeukia Perrault. "Alfajiri napanda na machela. Nina watu watatu. Wa nne alijitoa Jumatatu, hataki kuonekana na mimi."

"Huyu yuko chini ya uchunguzi, Delbert."

"Sijasema nimemsamehe. Nimesema nina watu watatu." Aliuelekeza mkono kwa mzee bila kumtazama. "Atashika upande wa kichwa. Ndio mzito."

Urho alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati, kana kwamba alfajiri ilikuwa sasa hivi.

"Saa nne," Perrault alisema. "Ofisini."

"Akichelewa," Denomie alisema, na kuingia ndani kwenye mayai yake, "ujue tumempata."